Ndege Iliyosahau Kutua

Kila nikiona picha ya ASW 12 navutiwa upya, halafu nakasirika kidogo. Ni glaida ya mashindano: haina injini, kiti ni kimoja. Gerhard Waibel aliibuni akiendeleza D-36, ndege ambayo yeye na wanafunzi wenzake wa Darmstadt, Ujerumani, waliiunda kwa mikono yao na kuirusha 1964.

Sifa kwanza. Bawa la mbao hutaka mbavu nyingi, na ngozi yake haikosi mawimbi. La fibaglasi hulazwa kwenye kalibu likiwa bichi. Likikauka linatoka laini, umbo vile lilivyochorwa. Hapo ndipo Waibel alipata bawa jembamba la mita 18.3 ncha hadi ncha. Kwa kila mita moja inayoshuka, ASW 12 husonga mbele zaidi ya mita 40. Yaani uachwe kilomita moja juu ya Nairobi, hewa imetulia, na ufike Thika bila tone la mafuta. Hiyo ni noma.

Sasa lawama. Glaida nyingi hufungua breki za hewa juu ya mabawa zikitaka kushuka. Hii haikuwekewa. Ilikuwa na flapu, na parachuti mkiani. Parachuti ikishafunguka, huwezi kuikunja tena ukiwa angani. Ikikataa kufunguka, unaelea tu juu ya uwanja huku ua likikukaribia. Kwani rubani alikuwa nani kwenye mchoro huo? Mzigo?

Wapenzi wake watanijibu na Hans-Werner Grosse. Mnamo Aprili 1972 aliirusha kutoka Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, hadi Biarritz, Ufaransa: kilomita 1,460 bila injini. Sawa, nampigia makofi. Lakini ndege ikisifiwa kwa mkono wa bingwa, sifa zingine ni za bingwa.

Labda naiona hivi kwa sababu niliacha chuo. Tulipimwa kwa namba moja, na hakuna aliyeuliza tutashukia wapi. ASW 12 nayo iliundwa kufukuza namba moja, na iliipata. Ila ASW 17, iliyofuata kutoka kwa Waibel huyohuyo, ilikuwa na breki za hewa kwenye mabawa. Mchoraji mwenyewe alirekebisha. Kwangu, huo ndio ukosoaji mkali kuliko wangu wote.