Diski Huhama, Kumbukumbu Hubaki Kwenye Madabodi

Madabodi ya kompyuta ikiungua, mara nyingi diski hutoka salama. Fundi huichomoa, huipachika kwenye mashine nyingine ya aina tofauti kabisa, kisha huwasha. Enzi za Windows XP jaribio hilo lilizoeleka kuishia kwenye skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, maana yake mfumo umeshindwa kuifikia diski uliyomo. Linux kwa kawaida huwaka. Sifa hiyo ilijengwa hatua kwa hatua, na inaposhindikana, jambo la kwanza la kujiuliza ni nini kimeachwa nje ya diski.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huja na viendeshi vya vifaa vingi mno kama moduli. Kila inapowaka hukagua upya vifaa vilivyopo na kupakia moduli zinazohusika; haikariri mashine ya jana. Ugumu uko kwenye initramfs, furushi dogo linalopakiwa kabla mfumo haujaifungua diski. Kati ya mifumo ya Linux, Debian hulijaza viendeshi vya vidhibiti vya diski vya kila namna, hata vile ambavyo mashine haina. Fedora huchagua vinavyohitajika na mashine husika tu. Ndiyo maana diski ya Fedora ikikutana na kidhibiti kigeni yaweza kukwama pale ambapo ya Debian inapita. Dawa imo humohumo: menyu ya kuwasha ya Fedora ina mstari wa uokoaji, wenye furushi lisilobagua mashine. Mfumo ukiwaka kwa njia hiyo, fundi hutengeneza furushi jipya kwa programu ya dracut, na kazi imekwisha.

Majina ya diski nayo yaliwahi kusumbua sana. Diski ya IDE iliitwa /dev/hda, na faili ya /etc/fstab, inayoorodhesha diski za kufunguliwa, ililitegemea jina hilo. Viendeshi vya libata vilipoingia, diski ileile ikageuka kuwa /dev/sda. Fedora 7, ya Mei 2007, ilifanya hivyo kwa diski zote za IDE. Ubuntu ilikuwa imeshahamia kwenye UUID tangu toleo la 6.10, Oktoba 2006. UUID ni namba ya biti 128 inayokaa ndani ya mfumo wa faili wenyewe, hivyo diski ikihamia tundu lolote, hata kasha la USB, namba huenda nayo. Hatari ni moja: nakala iliyopigwa kwa amri ya dd hubeba UUID ileile ya diski mama. Zikiachwa zote mbili kwenye kompyuta moja, mfumo unaweza kufungua isiyokusudiwa, na mwenyewe akaendelea kuandika kwenye diski aliyodhani ameiweka pembeni.

Kinachowakwamisha wengi leo ni UEFI, programu ya madabodi inayoanzisha mfumo. Orodha ya mifumo inayoweza kuwashwa huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya madabodi. Diski ikiondoka, orodha inabaki. Mashine mpya, isiyo na habari za mgeni wake, hutafuta faili moja tu kwenye sehemu ya EFI ya diski: EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Isipokuwepo, skrini hudai hakuna kitu cha kuwasha, na mwenye diski huamini data imepotea ilhali kila faili iko mahali pake. Ili kuirudisha, kompyuta huwashwa kwa Linux ya kwenye USB, fundi huingia ndani ya mfumo wa diski hiyo kwa amri ya chroot, kisha grub-install yenye chaguo la --removable huiweka faili hiyo. Afadhali zaidi amri hiyo itolewe kabla ya kuchomoa diski, kama mashine ya zamani bado inapumua.

Seva zina mtego wao. Tangu systemd toleo la 197, la mwaka 2013, kadi ya mtandao huweza kupewa jina kulingana na nafasi yake kwenye mashine, mfano enp3s0. Kwenye madabodi nyingine jina linakuwa enp5s0, na anwani iliyoandikwa kwa jina la zamani haifanyi kazi. Seva imewaka vizuri, lakini haifikiki; isipokuwa na skrini, fundi atahangaika na diski isiyo na kosa.

Anayetaka data peke yake ana kazi nyepesi, mradi asipitie flashi ya FAT, ambayo haitunzi umiliki wala ruhusa za faili. Linux humtambua mwenye faili kwa namba, kwa kawaida 1000 kwa mtumiaji wa kwanza. Programu ya rsync yenye -aAXH, ikiendeshwa na root kwenda ext4, hubeba umiliki, ruhusa na viungo vyote.

Diski iliyofungwa kwa usimbaji wa LUKS na kuachiwa chipu ya usalama ya TPM iifungue yenyewe ndiyo ya kushughulikiwa mapema kuliko zote. Chipu hiyo haisafiri na diski. Kabla bisibisi haijaguswa, mwenye diski ahakikishe anakumbuka nenosiri, au atengeneze ufunguo wa akiba kwa systemd-cryptenroll na kuuandika kwenye karatasi. Madabodi ikishakufa bila kimojawapo, data haitafunguka tena.