Heko, Watafiti wa Katumani

Mvua za Ukambani, nchini Kenya, hazina ahadi. Huchelewa kuja, huwahi kuondoka, na mahindi ya nyanda za juu, yanayokaa shambani miezi 6 au zaidi, huko hukauka kabla ya kukomaa. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kinastahili shukrani zetu.

Wataalamu wake waliteua, msimu baada ya msimu, mimea inayowahi kutoa maua, wakatupatia mahindi ya Katumani yanayokomaa kwa miezi 3 hadi 4. Hayapigani na kiangazi. Humaliza kazi yake kabla hakijakaza. Tena si chotara: mkulima huchagua mahindi yaliyo bora akaweka mbegu ya msimu ujao. Kituo hicho hicho kimeboresha pia kunde, mbaazi na ndengu.

Leo tabianchi inapozidi kuyumba, elimu hiyo ni ngao. Kupima, kuandika, kupanda upya: ni kazi ya miaka isiyopigiwa vigelegele. Lakini kila sufuria ya muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, inayochemka mwaka wa mvua haba ina mkono wao ndani yake. Hongereni sana!