Mchezo wa Wawili na Hasara ya wa Tatu

Mwaka 1996 mwanauchumi Maurice Obstfeld aliandika makala inayoeleza kuanguka kwa sarafu kwa mfano wa mchezo. Tumeupima mfano huo kwa mizani ya fiqhi na kwa yaliyowafika wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro.

Mfano ni huu. Benki kuu imeahidi kutobadili bei ya sarafu yake, na akiba yake ya fedha za kigeni ni 10. Wafanyabiashara ni wawili, kila mmoja ana sarafu ya ndani 6. Mmoja akikimbilia dola peke yake, akiba hubaki 4, bei husimama, naye hupoteza gharama zake. Wakikimbilia wote, 10 haitoshi, na sarafu huanguka. Basi kila mmoja humchungulia mwenziwe. Hapa Obstfeld amepatia: uvumi mtupu waweza kuangusha sarafu ambayo ingesimama. Nasi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuhakiki habari.

Lakini mfano una mapengo mawili. La kwanza, kuuza ndani yake ni kuuza tu. Anayenunua dola kwa safari ya Hija na anayezusha uvumi ili afaidike wako safu moja. Fiqhi inawatenga: kubadilisha fedha mkono kwa mkono ni halali, ama hadaa ya kupandisha bei, Mtume (s.a.w.) ameikataza katika najash.

La pili ni zito zaidi: mtu wa tatu hayumo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiba ya Tanzania ilikuwa karibu kwisha, na bei rasmi ikaendelea kushikiliwa. Kahawa ya Machame na Marangu iliuzwa nje kwa dola, mkulima akalipwa shilingi kwa bei hiyo rasmi, huku sabuni na sukari akivinunua kwa bei ya magendo. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, na dawa ya kahawa itokayo nje ikawa ghali. Mchezo huhesabu kusimama kwa bei kuwa ndiyo salama. Mkulima aliumia iliposimama, akaumia tena ilipoanguka.

Al-Maqrizi (aliyefariki 845 H/1442), alipoandika juu ya njaa na ughali wa Misri, alitaja ununuzi wa vyeo kwa rushwa, kupanda kwa kodi za ardhi na wingi wa fulus. Aliwatazama watawala kabla ya soko.

Kwa hiyo imamu akiulizwa kuhusu ununuzi wa dola shilingi inapoyumba, na aulize kwanza nia na njia. Wala asimtwike mwenye duka la fedha lawama yote: anayeahidi bei huku hazina ni tupu naye ana amana ya kujibia.

Wallahu a'lam.