Pipa Linalokula Makombo ya Mesi

Jamani, ziba pua ukitaka, lakini macho yaache wazi! Nimetoka kuliona pipa la wanafunzi wa chuo kikuu hapa Eldoret na sina habari nyingine ya kusimulia. Unamwaga humo makombo ya mesi: ugali uliokauka, sukuma wiki, maganda ya viazi. Yanapokewa na maelfu ya mabuu wa nzi askari mweusi, na rundo zima linaanza kutokota kama uji jikoni. Inamisha sikio uwasikie wakitafuna. Nao uvundo? Kidogo mno, maana chakula huliwa kabla hakijapata nafasi ya kuoza.

Lakini subiri uone ule ubao! Mabuu hula kwa wiki mbili hivi, halafu huhama wenyewe kutafuta pakavu pa kugeukia pupa. Makomredi hao wa chuo wakaegemeza ubao mshazari ndani ya pipa. Mabuu wanaupanda, wanafika ukingoni, tap, ndooni. Hakuna kuchuja, hakuna kuokota. Nilipiga makofi peke yangu.

Sayansi yenyewe si ngeni, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, Nairobi, wameishughulikia miaka mingi. Ukiwakausha mabuu hawa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Mfugaji wa kuku anayelalamikia bei ya omena wa kulishia kuku wake hahitaji kufafanuliwa zaidi. Masalio ya pipani yanakwenda shambani kuwa mbolea, na Uasin Gishu mashamba ya mahindi ndiyo usiseme.

Kasoro ipo, tena ni baridi yetu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nzi huyu anapenda joto la nyuzi 27 hivi kwenda juu. Mabuu wakilundikana hupashana joto. Nzi wazima ndio wenye taabu, kwani bila joto na mwanga hawapandani. Wanafunzi wamewajengea kibanda cha nailoni. Baridi ya Julai itatoa hukumu.

Halafu kuna vijiko vya plastiki ndani ya makombo! Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozaliwa, kwa hiyo mesi haina kisingizio.

Bei ya mabuu makavu bado haijapangwa. Ikipangwa, kuku wangu wako mbele ya foleni.