Shabaha Hupimwa kwa Mshale Uliokosa

Anayetaka kujifunza kulenga huanza kwa kutafuta kitu cha kupiga: mkebe wa rangi, chupa, papai bovu, shina la mnazi. Huko ni kuanza nyuma mbele. Jambo la kwanza kuamua ni pale utakapoangukia mshale uliokosa, kwa kuwa mlengaji yeyote, awe mwanafunzi au bingwa, atakosa. Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi, panaonyesha sababu kuliko mahali pengi. Hapa hakuna uwanda mtupu. Nyumba zimetawanyika juu ya vilima na mabondeni, vijia vya watoto wa shule na wachota maji vinakata katikati ya minazi na mikorosho, na mbuzi hufungwa popote penye majani.

Tupige hesabu. Chukua upinde mzuri unaorusha mshale kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde. Ukiuachia sawasawa na ardhi kutoka kimo cha mita 1.5, mshale utagusa chini baada ya mita 27 hivi. Uinue kwa nyuzi 5 tu, kosa dogo ambalo mkono uliochoka hulifanya bila mwenyewe kujua, na utapita mita 55. Uinue nyuzi 45 na utakaribia mita 250, ukiacha kando hewa inayoupunguza mwendo. Hiyo ni kwenye ardhi tambarare. Aliyesimama juu ya kilima akarusha kuelekea bondeni ameongeza umbali huo, tena mshale unashuka mahali asipopaona. Kwa hivyo katika nchi ya vilima kanuni ni moja: mlengaji asimame chini, shabaha ikae mbele ya mwinuko, na mwinuko uwe mrefu kuliko makosa yake.

Si kila mwinuko unafaa. Miamba ya upande huu ni ile ya jiwe la mchanga, ndugu wa mawe ya Mazeras yanayotandazwa barazani na kwenye njia za nyumba. Kokoto ya panda, au manati kama wanavyoita wengine, ikigonga jiwe hilo hurudi au hukengeuka pembeni. Mshale hupasuka. Kinachotakiwa ni tuta la udongo laini lisilo na mawe, na kama halipo, likusanywe kwa jembe kabla ya mchezo kuanza.

Waliotumia upinde kwa riziki katika bara la pwani hii walikuwa na sababu nzito kuliko zetu za kujali mshale uliopotea. Wawata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde zilizohitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na sumu ya mishale yao ilitoka kwa Wagiriama walioijua kazi ya kuipika kutokana na msunguti. Kipande cha mbele cha mshale kilipakwa sumu kisha kikafungwa kwa ngozi nyembamba, isikauke wala isimchubue aliyeubeba. Ngozi ilifunguliwa wakati wa kuwinda ukifika. Hapo ndipo ninapoona ustadi wao: hatari ilifungwa mpaka dakika ya kuhitajika. Mchezo wa leo hauna haja ya sumu wala ya chembe kali. Mshale wa mazoezi uwe na ncha ya risasi, yaani ya mviringo isiyo na miiba, ili uingie kwenye shabaha na utoke bila kuichana.

Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeendeleza katazo hilo. Ndege basi hayumo katika mjadala wa shabaha. Nalisema kwa mkazo kwa sababu panda shingoni mwa mvulana bado ni jambo la kawaida, na kaunti hii ina ndege asiyepatikana kwingine popote duniani, yule mnana wa msitu wa Arabuko-Sokoke na pori la Dakatcha aliyepewa jina la Clarke. Mtoto hawezi kutambua kila ndege kwa jina. Anachoweza ni kupewa kitu kingine cha kupiga chenye raha kushinda ndege.

Raha hiyo inatoka wapi? Historia ya ulengaji wa ng'ambo inatoa jibu. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 walengaji walipiga njiwa hai, na karibu ndege 300 waliuawa. Jambo hilo halikurudiwa tena katika Olimpiki. Wakati huo mbadala ulikuwa umeshapatikana. Katika miaka ya 1870 Mmarekani Adam Bogardus alieneza mipira ya vioo iliyorushwa hewani. Aliiwekea matuta juu ya uso wake ili chembe za risasi zisiteleze, na baadhi ya mipira ilijazwa manyoya ili ikipasuka yatawanyike kama ndege aliyepigwa. Ilipendeza macho, ila viwanja vilijaa vigae vya vioo. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akaleta kisahani cha udongo. Visahani vya mwanzo vilichomwa vikawa vigumu mno, vikigongwa vililia visivunjike, ndipo watengenezaji wakahamia mchanganyiko wa chokaa na lami. Vikavunjika vizuri. Lakini lami ya makaa ya mawe ina sumu, na nguruwe waliokula vipande vyake malishoni walikufa.

Katika hatua zote hizo walengaji walitafuta kitu kimoja: jibu la papo hapo, kwa jicho au kwa sikio. Karatasi yenye duara haimjibu mtoto aliye mita 20. Lazima atembee akaangalie. Kitu kinachocheza, kinacholia au kuanguka humjibu pale pale. Na kila mara tatizo lililobaki lilikuwa mabaki. Kioo, lami, plastiki, vyote vilikaa shambani baada ya watu kwenda nyumbani.

Kaloleni ina jibu chini ya minazi. Vidaka huanguka vyenyewe kabla ya kukomaa, havina soko, na huoza vikarudi ardhini. Kitundike kidaka kwa kamba ya kumbi, kiwe mbele ya tuta. Kokoto ikikipiga, kinabembea, na mlengaji ameona. Kufungwa kwa kamba ndiko kunakoleta usalama: kitu kinachoachiwa kusogea hupokea sehemu ya nguvu ya kokoto, ilhali kilichokazwa huirudisha. Kifuu kinalia vizuri zaidi, lakini ni kigumu tena cha mviringo, kwa hiyo nakishauri kwa kokoto za udongo uliokaushwa, zinazopasuka zikigonga, na mlengaji asimame mita 10 au zaidi. Chupa isitumike kamwe. Nako kupiga shina la mnazi ni kumwibia mwenye shamba: mnazi hauna ngozi ya kukua upya kama mwembe, na jeraha la shina lake halijifungi.

Kwa mshale, kinachosimamisha ni msuguano kuliko ugumu. Gunia la katani, zao ambalo Vipingo hulima kwa maelfu ya ekari, lijazwe makumbi yaliyopigwapigwa na nguo kuukuu, lishindiliwe mpaka ngumi isizame, kisha lifungwe kamba pande nne. Nyuzi za kumbi huushika mshale pande zote na kuupunguza mwendo polepole. Gunia la mchanga husimamisha mshale ghafla, likaupinda na kula ncha yake. Mchanga ni wa risasi za bunduki, na bunduki haina nafasi katika shamba la Kaloleni. Risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwenye leseni ana viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo, kama kile cha Kirigiti, Kiambu.

Ukubwa wa shabaha nao hupimwa kwa umbali. Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alilenga duara la sentimita 122 lililo mita 70 mbele yake, na kitovu cha alama kumi kina sentimita 12.2. Ukileta ugumu huo huo hadi mita 20, duara zima linakuwa sentimita 35 na kitovu sentimita tatu na nusu. Kifuu cha sentimita 10 kwa umbali huo kinakaribia duara la alama nane. Kwa anayeanza hicho ni kidogo mno. Mimi ningeanza na ungo mkuukuu uliochorwa kwa mkaa mbele ya gunia, mita 10, na nisingemsogeza mtu nyuma mpaka apige mara moja kati ya tatu. Anayekosa daima huacha mchezo, na asiyekosa kamwe huanza kutafuta shabaha nyingine, mara nyingi yenye mabawa.

Kabla ya siku ya mchezo, mzee wa kijiji aarifiwe, kwa maana kundi la vijana wenye pinde huweza kueleweka vibaya. Sehemu ya msitu wa kaya isikaribiwe. Kaya Fungo, iliyolipuliwa kwa baruti na Waingereza mwaka 1914, ni mahali patakatifu, na kaya za Wamijikenda zimo katika urithi wa dunia tangu 2008. Vijia viwekewe mtu pande zote mbili. Wote warushe wakiwa mstari mmoja, waweke pinde chini, ndipo waende pamoja kuchukua mishale. Anayechomoa mshale akandamize gunia kwa kiganja kimoja, aushike mshale karibu kabisa na gunia kwa mkono wa pili, auvute kwa kunyoosha, na asiwepo mtu nyuma yake, kwani mkia wa mshale unaochomoka ghafla hufika usawa wa jicho la mtoto.