"Chiqing" si Mapenzi ya Dhati

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na neno la Kichina chiqing, mkono wake huvutwa kuandika "mapenzi ya dhati". Hilo ni kosa, ingawa nami nimewahi kulifanya ubaoni, mbele ya wanafunzi.

Neno hili lina viungo viwili. Qing ni hisia za moyo. Chi ni upumbavu. Herufi ya chi huandikwa ndani ya alama ya ugonjwa, ile ile ionekanayo katika majina ya maradhi, na katika umbo lake la kale alama hiyo imeifunika herufi ya shaka. Mjinga huitwa baichi. Aliyezama vitabuni hata akasahau dunia huitwa shuchi. Basi mwenye chiqing hakupenda sana tu, bali amependa hata akili ikamtoka, wala hataki kuponywa. Kama ni kusifu kina cha penzi peke yake, Wachina wanalo neno shenqing. Na kama ni kusifu uaminifu kwa mmoja, wana zhuanqing. Chiqing husifu na kusikitika papo hapo.

Tazama riwaya ya Cao Xueqin ya karne ya 18, Hongloumeng, yaani Ndoto ya Chumba Chekundu. Katika sura ya 5, kijana Jia Baoyu aota yuko mahali penye idara zitunzazo majalada ya hatima za wanawake, na mojawapo ni Idara ya Chiqing. Upumbavu wa mapenzi umepewa ofisi! Tukiandika "Idara ya Mapenzi ya Dhati", kejeli imekufa, na msomaji hatakuwa ameandaliwa kwa kifo cha Lin Daiyu, afaye wakati Baoyu anaozwa mwanamke mwingine.

Je, tuna neno? "Huba" na "mahaba" ni matamu mno. "Ashiki" ina shauku, haina ujinga. Lililo karibu ni "majinuni", tulilolipata kwa Waarabu, ambao mpenzi wa Layla walimwita kwa wazimu wake. Lakini majinuni ana kelele. Chiqing yaweza kukaa kimya moyoni miaka mingi, jirani asijue.

Siku hizi naandika "aliyepumbazwa na penzi". Mwalimu mwenzangu alalamika kwamba maneno hayo yanamtukana mpenzi. Yanamtukana kidogo, ndiyo. Na herufi ya Kichina pia.