Heko kwa Nyumba Salama za Mara

Desemba, shule zikifungwa, watoto wengi nchini hungojea pilau na nguo mpya. Mkoani Mara wapo mabinti wanaotoroka usiku kumkwepa ngariba. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, lakini sheria haina godoro wala uji wa asubuhi. Vitu hivyo hupatikana kwenye nyumba salama, zikiwemo zile za shirika la Rhobi Samwelly, Serengeti na Butiama.

Kinachonivutia zaidi ni kazi inayofuata: kwenda kuzungumza na wazazi, mpaka waahidi kwa maandishi kwamba binti akirudi hataguswa. Wakikataa, anabaki na kuendelea na masomo. Na kumfikia binti kijijini usiku kunahitaji njia inayojulikana. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengine wasiowahi kukanyaga Tanzania, wamekuwa wakichora ramani za vijiji hivyo.

Hongereni sana. Nasi tulio mbali, Desemba hii tupeleke walau mchele na sabuni.